Usitupe Wufa: mhadhara kuhusu spika kuukuu za mitumba

Habari zenu, ndugu zangu. Asanteni kwa kunikaribisha tena. Waliowahi kunisikiliza wanajua nimekuja kusema nini, maana huwa nasema kile kile. Nitaacha siku nitakapopita kwenye jalala nisikute wufa nzima, ile spika ya besi, imetupwa kwa ajili ya kipande cha sponji.

Sitapoteza muda kueleza spika ni nini. Sumaku, koili ya waya, koni inayosukuma hewa, mnavijua. Rice na Kellogg, wahandisi wa General Electric kule Marekani, waliandika kuhusu mpango huo mwaka 1925, na spika iliyotoka kiwandani wiki iliyopita bado inaufuata. Vilivyobadilika ni malighafi na hesabu. Kwa hiyo jozi ya spika za mwaka 1975 unayoikuta kwenye duka la mitumba, imefunikwa vumbi na bei yake imeandikwa kwa chaki, si makumbusho. Ni chombo cha kazi kilichokosa matunzo.

Ya kale ni dhahabu, watu husema. Sawa, lakini sponji ya kale ni vumbi.

Ukitoa kile kitambaa cha mbele, angalia pete laini inayounganisha koni na fremu. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina pete ya sponji ya poliurethani. Ilipendwa kwa sababu ni nyepesi na inacheza vizuri. Ubaya wake ni kwamba unyevu wa hewani unaivunjavunja polepole, na mwanga wa jua na ozoni vinamalizia. Baada ya miaka 15 au 20 hivi inanata kama lami au inageuka unga. Haijali kama spika ilipigwa kila siku au ilikaa kwenye kasha lake haijaguswa. Mteja ananiambia, "Fundi, hii haijawahi kutumika," na ninapoigusa kwa kidole, kidole kinapita upande wa pili.

Hapo ndipo watu wanapotoa hukumu: wufa imekufa. Haijafa! Koili ni nzima, sumaku ni nzima, koni ni nzima. Kilichooza ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote mle ndani, na kinauzwa kikiwa kimekatwa tayari kwa kipimo.

Kuna kijana aliniletea jozi ya maboksi mazuri sana, yale yaliyofungwa kabisa bila tundu la hewa, vinia (ngozi nyembamba ya mbao) ya mti wa jozi, hata mkwaruzo hakuna. Analalamika besi ni mbaya, inapiga noti moja tu: bum, bum, wimbo wowote ule. Nikafungua. Ndani nikakuta wufa mpya kabisa za gari, ohmu 4 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), sumaku kubwa kama sahani.

"Zile za mwanzo ziko wapi?"

"Nilizitupa, fundi. Zilikuwa zimechanika."

"Zimechanika wapi?"

"Pembeni."

Pembeni! Nililazimika kukaa chini. Alikuwa ametupa wufa zilizobuniwa kwa ajili ya boksi lile lile, akaweka za gari, halafu anauliza mbona muziki umeharibika.

Sasa kuna mtu hapa ananitazama kwa jicho la kusema: lakini mzee, za kisasa si ndizo bora? Bora kwa boksi gani? Swali ni hilo. Mwaka 1954 Edgar Villchur na kampuni yake ya Acoustic Research walitoa spika ya AR-1. Wufa yake ilikuwa na pete legevu kupita kiasi, kwa makusudi, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ndiyo iliyofanya kazi ya springi. Boksi dogo likatoa besi ambayo kabla ya hapo ilidai kabati zima, na wengine wengi wakafuata njia hiyo. Kwenye muundo huo boksi ni sehemu ya wufa. Ukiweka wufa yenye ugumu mwingine, uzito mwingine na nguvu nyingine ya sumaku, umevunja hesabu. Wala hesabu hizo si siri: Neville Thiele alizichapisha Australia mwaka 1961, Richard Small akazipanua miaka ya 1970, na ndiyo sababu kila muuzaji anayeheshimu kazi yake anauza wufa mpya na karatasi ya vipimo. Yule kijana hakuisoma hiyo karatasi. Zaidi ya hapo, krosova yake, ile saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita (spika ndogo ya sauti za juu), ilipangwa kwa ohmu 8, kwa hiyo kuweka ohmu 4 kulihamisha mahali pa kugawanya sauti na kuibebesha ampli (amplifaya) mzigo ambao haukupangwa.

Basi turudi kwenye sponji, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu watu wengi wanaharibu kazi hapa.

Usinunue pete kwa kutaja inchi. "Nipe ya inchi 10" haitoshi. Inchi 10 ni ukubwa wa fremu, na viwanda havikupatana hata hilo. Pima upana wa koni kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa tundu la fremu mahali mkunjo unapocheza, na upana wa nje mahali gundi inapokaa. Angalia pia kama pete ya zamani iligandishwa juu ya koni au chini yake, na kama mdomo wake wa ndani ni bapa au umeinama. Ukikosea hapo koni itakaa juu au chini ya mahali pake, na koili itakuwa imetoka kwenye uwanja wa sumaku kabla hata hujapiga wimbo.

Kusafisha ndiko kazi yenyewe iliko. Kugandisha ni dakika chache, kusafisha ni mchana mzima. Gundi ya zamani kwenye ukingo wa koni inalainishwa kidogo kidogo kwa spiriti na pamba, halafu inasuguliwa kwa kidole. Usikwangue karatasi kwa kisu. Kwenye fremu ya chuma kwangua utakavyo. Ukimaliza, gandisha pete kwenye koni kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo uje kwenye fremu.

Na kwenye fremu ndipo pana mtihani. Koili inacheza ndani ya pengo ambalo kila upande mara nyingi halifiki hata milimita moja. Koni ikikaa upande kidogo tu, koili inagusa chuma, na utausikia mkwaruzo ule mpaka mwisho wa maisha ya spika. Njia ya kwanza ni kukata kile kikofia cha katikati na kuchomeka vipande vyembamba vya plastiki kuzunguka koili, vikiishika katikati mpaka gundi ikauke. Ni ya uhakika, ila lazima baadaye ugandishe kikofia kingine. Njia ninayoipenda mimi haikati kitu. Gundi ikiwa bado mbichi, unganisha wufa na ampli, peleka sauti ya hezi 30 kwa nguvu ndogo, uone koni inapanda na kushuka. Sogeza pete kwa ncha za vidole, unywele mmoja huku, unywele mmoja kule, ukisikiliza. Mkwaruzo ukipotea, usiguse tena. Weka vibanio vya nguo kuzunguka fremu, uondoke. Ondoka kabisa, nenda ukafanye mambo mengine, kwa sababu ukibaki pale mikono itakuwasha.

Wengine wananiambia: sponji itaoza tena, kwa nini nisiweke mpira usiooza? Kama kiwanda kiliweka mpira, weka mpira. Kama kiliweka sponji, elewa kwamba mpira ni mzito zaidi, na uzito unaoongeza kwenye koni unashusha sauti na kuhamisha mwitikio wa besi. Spika itapiga, sikatai, lakini itakuwa spika nyingine. Sponji mpya itakupa miaka mingine 15 au zaidi. Wewe mwenyewe una uhakika gani na miaka 15?

Wenye pete za kitambaa, kama zile AR za mwanzo, msibadilishe chochote. Kitambaa hakiozi hivyo. Kinachokauka ni ile dawa iliyopakwa kuziba vitundu vyake. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotawanywa, kisha iachie: kwenye boksi lililofungwa inapaswa kurudi polepole, kama inayosita. Ikiruka kurudi mara moja, hewa inavuja mahali, na mara nyingi ni kwenye mpira uliokauka nyuma ya fremu, sio kwenye kitambaa. Tafadhali, msipake silikoni ya bafuni. Nimeshaondoa silikoni ya kutosha.

Tukiwa bado hapo: mkiwa dukani, nendeni na mita ya kupima ohmu mfukoni. Spika ya ohmu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7 hivi, ya ohmu 4 itasoma 3 na ushei. Lakini ukipima kwenye terminali za nyuma unasoma wufa peke yake, kwa sababu kapasita ya krosova inazuia mkondo wa moja kwa moja usifike kwenye twita. Twita iliyoungua haionekani kwenye mita mpaka ufungue boksi. Muuzaji akikuambia "zote zinapiga", weka sikio kwenye twita, moja baada ya nyingine, wimbo ukiwa chini.

Kapasita. Hapa nitakwenda haraka, ingawa hapastahili haraka. Ndani ya krosova za zamani kuna kapasita za elektroliti zisizo na chanya wala hasi. Zina majimaji ndani, na baada ya miaka 40 thamani zake zimehama. Chukua krosova rahisi kuliko zote: twita ya ohmu 8 na kapasita ya mikrofaradi 6.8. Inaanza kupeleka sauti kwenye twita karibu na hezi 2,900. Ikipanda uzeeni ikafika mikrofaradi 9, inaanzia hezi 2,200. Twita sasa inabeba mzigo ambao haukuwa wake, na siku mtu atakapoongeza sauti mpaka ampli ianze kukata vilele vya mawimbi, twita ndiyo itakayokufa kwanza. Kwa hiyo kapasita zibadilishwe, kwenye spika zote mbili kwa pamoja, kwa thamani ile ile iliyoandikwa. Zile ndogo za upande wa twita weka za filamu ya polipropilini. Zile kubwa za upande wa wufa, mikrofaradi 70 au 80, elektroliti mpya isiyo na chanya na hasi inatosha, kwa sababu ya filamu ya ukubwa huo ni kama tofali na hutasikia tofauti.

Ukiweka filamu halafu ukaona sauti ya juu imekuwa kali, usishangae. Elektroliti ya kiwandani ilikuwa na ukinzani wake mdogo, na mbunifu aliuhesabu. Ongeza rezista isiyofika ohmu 1 mbele ya kapasita mpya, na sauti itarudi mahali pake. Hili watu hawapendi kulisikia, kwa sababu wanataka kapasita ya bei kubwa iwe na sauti ya bei kubwa.

Mtu ataniuliza kuhusu sumaku, kama alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) ni bora kuliko feraiti (sumaku ya kauri). Viwanda havikuacha alniko kwa sababu ya masikio. Alniko inahitaji kobalti, na mwaka 1978 vita vya jimbo la Shaba, kule Zaire (leo Kongo, DRC), vilifanya bei ya kobalti ipae. Wengi waliokuwa wakiitumia wakahamia feraiti. Spika nzuri zipo za aina zote mbili. Ila ya alniko usiipige chini wala usiifungulie ampli hovyo, inapoteza nguvu upesi kuliko feraiti.

Kuboresha sasa, maana wengine mmekuja kwa ajili ya hilo tu. Kwanza tengeneza, kisha sikiliza wiki kadhaa, kisha pima. Maikrofoni ya kupimia na programu ya bure kama Room EQ Wizard zitakuonyesha zaidi ya maoni ya majirani. Ukiona bonde au kilima kwenye mchoro, na kipo kwenye spika zote mbili, hapo gusa krosova. Terminali mpya, sawa, zile za zamani hazishiki waya mnene. Kipande cha mbao ndani kushikilia ukuta unaotetemeka, sawa, mradi kisile nafasi kubwa ya hewa. Sufi ya glasi iliyomo ndani irudishe kiasi kile kile, na vaa glavu. Kubadilisha waya wa ndani? Hapana. Sijadili.

Vinia, vanishi, vitasa vya kurekebisha twita ambavyo vimeliwa na kutu, majimaji ya sumaku yaliyokauka ndani ya twita: vyote vina dawa, na vyote nilipanga kuvisema, lakini nimemaliza muda kwenye sponji kama kawaida yangu.

Mliokuja na spika zenu, zilazeni kwenye meza ile kifudifudi na muwe na bisibisi tayari. Mtu asiunganishe chochote na ampli kabla hatujapima koili. Na mkishagandisha pete mpya na kurudisha nyaya, chukua betri ya volti 1.5, gusa terminali za wufa, chanya kwa chanya, sekunde moja tu. Koni zote mbili zinapaswa kuruka kuja mbele. Moja ikirudi nyuma, geuza waya wake ndipo ufunge skrubu.