Kangomba ya Mtandaoni

Mhadhara kwa vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, Mtwara mjini

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi. Walionisikia Masasi na Newala wanisamehe, leo ni wimbo uleule. Nitauacha siku bei zitakapobadilika.

Sikuja kufundisha kufungua akaunti. Nyote mnazo, na wengine mnazo mbili, ile ya pili inasema mnakaa Marekani. (Kicheko.) Hilo nitalirudia. Nimekuja kupiga hesabu.

Kijana mmoja wa Chikongola alinionyesha kazi aliyojivunia: mahojiano ya Kiswahili ya saa nzima, ayasikilize na kuyaandika neno kwa neno, malipo dola 15. Akaniambia, "Mzee, dola 15 kwa saa!" Nikamuuliza, saa ya nani? Ya ile sauti au yako? Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua saa moja ya sauti inakula saa nne mpaka sita za kukaa kitini, na hapo wazungumzaji hawajaanza kukatana kauli. Tukakubaliana tano. Tayari ni dola 3 kwa saa.

Jukwaa lake, yaani tovuti inayomkutanisha na wateja, silitaji, ila viwango vya makubwa si siri. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo yako. Upwork siku hizi hukata mpaka 15, na pale hata kuomba kazi kunalipiwa: zile Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, za bure zikiisha, moja ni senti 15 za dola. Kazi ikitaka kumi, umetoa dola moja na nusu kuomba tu. Omba kazi kumi upate moja. Haya, jumlisheni. Dola 15 kuitafuta kazi ya dola 15! Na bado bando, bado makato ya kutoa pesa, bado usiku ule mteja alipoirudisha kazi kwa sababu ya alama moja ya mkato.

Kijana akanyamaza. Mama yake alikuwa pembeni anabangua korosho, wala hakuinua macho. "Basi wamekununua kangomba."

Ninyi watoto wa korosho sina haja ya kuwaeleza kwamba kangomba ni kununua korosho kichochoroni, kwa bei ya kutupa na kipimo cha mnunuzi. Ila kumbukeni inavyoanza. Haianzi Oktoba. Inaanza miezi ya njaa, mkorosho haujatoa hata ua, salfa ya kupulizia inataka pesa, mtoto karudishwa nyumbani kwa ada. Anakuja bwana na noti mkononi. Anakupa leo, mtaonana msimu, kwa kipimo chake na si kwa mzani. Mkulima yule si mjinga, msimcheke. Ana haraka, yuko peke yake, na hajui jirani kauza kwa ngapi. Bei inatengenezwa hapo. Na ninyi usiku wa manane mnapoandika "niko tayari hata kwa dola tano", mna yote matatu.

Msimu wa 2007/2008 mfumo wa stakabadhi ghalani ukaanza hapa Mtwara. Mzigo ukakusanywa ghalani kupitia vyama vya msingi vya ushirika, ukapimwa, ukapangwa madaraja, wanunuzi wakaleta bei zao mnadani. Najua, najua! Mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa. Makato, malipo kuchelewa, viongozi wa vyama. Mimi mwenyewe nimefuatilia malipo yangu mpaka soli zikaisha. Lakini mkulima wa Tandahimba leo anajua mnada wa Masasi umefungwa kwa bei gani. Na anaweza kukataa. Mwaka 2018 wakulima wa huku walizikataa bei za mnada, na Novemba serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata tuyaache, yana mhadhara wake. Walikataa pamoja. Wewe utakataa na nani?

Kuna mkono umeinuka, na swali nalijua: "Tukipandisha bei, mteja anakwenda Ufilipino au Bangladesh." Kwa kazi ya kusafisha picha, kweli atakwenda, sina dawa. Lakini tazameni kazi mnazoletewa sasa. Kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti. Kusahihisha tafsiri za mashine. Kuipima akili mnemba kama inajibu Kiswahili cha watu. Hiyo ataifanya Mfilipino? Anayekushusha bei hapo ni rafiki yako wa Shangani, aliyeomba jana kwa dola mbili pungufu. Mteja anawaona nyote wawili kwenye kioo chake. Ninyi wenyewe hamjaambizana.

"Bora hiyo kuliko kijiweni." Sawa, ifanyeni, sijamzuia mtu. Hata aliyeuza kangomba alikula siku ile. Mimi nauliza kipimo anakishika nani.

Nilikuwa na ya sheria, lakini adhuhuri imekaribia na Sheikh ananitazama. Haraka haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtazama mwajiriwa, na jukwaa litakwambia wewe si mwajiriwa wake. Wenzenu wa Nairobi walikuwa na kampuni iliyowaajiri na lango la kugonga, na bado Januari 2023 jarida la TIME likaandika kwamba waliochambua maandishi kwa ajili ya OpenAI, kampuni ya akili mnemba, walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Ninyi mna nywila tu. Halafu Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 haisemi ushirika ni wa korosho peke yake. Ofisi ya ushirika ya manispaa ipo, nendeni mkaulize mtaundaje wenu, hawang'ati. Kodi nairuka, mtanishukuru. Akaunti ya Marekani nayo naiona inatabasamu pale mstari wa tatu, basi naiacha.

Kuna karatasi inaanzia kwa huyu dada mwenye ushungi wa kijani. Andika kazi yako ya mwisho: ilikuwa ya nini, saa zako zote pamoja na za kutafuta na kurekebisha, na pesa iliyokufikia mkononi, si ile iliyoandikwa kwenye jukwaa. Jina usiweke. Ikirudi hapa mbele nitaisoma yote kwa sauti, na atakayeandika saa ya sauti badala ya saa yake nitamrudishia aandike upya.