Siku 84 huishia wapi? Mhadhara kuhusu likizo ya uzazi kazini

Mabibi na mabwana, maafisa utumishi mliopo, na ninyi wawakilishi wa wafanyakazi: tuanze na kalenda. Mwenye simu aifungue, mwenye kalamu aandike.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inampa mama aliyeajiriwa Tanzania Bara likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo. Akijifungua mapacha, siku 100. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Anaruhusiwa kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya makisio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo. Hapo kwenye "anaruhusiwa" ndipo wengi wanapopunjika bila mtu kuwapunja.

Chukueni mama ambaye kadi ya kliniki inaonyesha atajifungua tarehe 20 Juni 2025. Akianza likizo 23 Mei, siku ya 84 inaangukia 14 Agosti, na tarehe 15 yuko kazini. Akiwa amejifungua siku ile ile ya makisio, nyumbani anaacha mtoto wa wiki 8. Akichelewa kujifungua hadi 30 Juni, jambo la kawaida kabisa, anaacha mtoto wa siku 46. Sasa mama huyo huyo, kama ni mzima na kazi yake ni ya mezani, afanye kazi hadi 19 Juni, likizo ianze 20. Siku 84 zinaishia 11 Septemba, na mtoto ana wiki 12. Hajaongezewa hata siku moja, amezipanga tu. Afisa utumishi anayemwambia mjamzito "nenda kapumzike mapema" huenda ana huruma ya kweli, lakini amwonyeshe na hesabu. Muuguzi anayesimama zamu nzima ana kila sababu ya kuanza mapema. Uamuzi ni wa mama, si wa ofisi.

Kuna mpaka kwa upande wa pili: mama haruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki 6 tangu ajifungue, hata akitaka mwenyewe, mpaka daktari athibitishe kuwa yuko sawa.

Taarifa kwa mwajiri itolewe angalau miezi 3 kabla ya makisio, pamoja na cheti cha daktari. Kwa mama wetu wa 20 Juni, mwisho ni 20 Machi. Kinachoharibika hapa ni kile kile kila mwaka: mama anamwambia msimamizi kwa mdomo, msimamizi anahamishwa, na ofisini hakuna karatasi. Andika nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uirudishe nyumbani. Aliyejifungua njiti ana nafuu iliyoletwa na marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025: wiki zilizobaki kufikia 40 za ujauzito zinaongezwa kwenye likizo. Aliyejifungua kwenye wiki ya 32 ana wiki 8 za ziada. Atunze karatasi ya hospitali inayoonyesha umri wa mimba.

Sasa jambo linaloleta ugomvi kuliko yote, mzunguko wa likizo. Mtaani utasikia "lazima miaka mitatu ipite kati ya mtoto na mtoto". Sivyo sheria inavyosema. Mzunguko ni kipindi ambacho ndani yake mama ana haki ya likizo moja ya uzazi yenye malipo. Ni miezi 36, na unahesabiwa tangu tarehe ya kuajiriwa, halafu mwingine unaanza pale wa kwanza ulipoishia. Aliyeajiriwa 1 Februari 2022, mzunguko wake wa kwanza unaisha 31 Januari 2025, wa pili 31 Januari 2028. Akijifungua Oktoba 2024 na tena Juni 2026, watoto wamepishana miezi 20 tu, lakini kila mmoja yuko kwenye mzunguko wake, na likizo zote mbili zina malipo. Mwenzake aliyeajiriwa siku hiyo hiyo akajifungua Machi 2025 na Oktoba 2027, watoto wamepishana miezi 31, wote wameangukia mzunguko mmoja: ya pili mwajiri halazimiki kuilipa. Kwa hiyo kabla ya kumjibu mfanyakazi, fungua faili lake uone tarehe ya ajira. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, mama ana haki ya siku nyingine 84 zenye malipo ndani ya mzunguko huo huo. Na kwa mwajiri mmoja, likizo zinazolazimu kulipwa ni 4.

Mama amerudi. Anayenyonyesha ana muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, usiozidi saa 2 kwa siku. Neno "usiozidi" limekuwa mwanya. Wapo wanaotoa nusu saa na kudai wametii. Na anayekaa Mbagala akafanya kazi Posta, nusu saa haimfikishi hata nusu ya njia. Kinachofanya kazi ni kuziunganisha: aingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, au atoke saa 2 kabla ya wenzake. Iandikwe, isainiwe, na dereva wa gari la kampuni ajue.

Asiyeweza kwenda nyumbani inabidi akamue. Titi lisipotolewa maziwa linajaa na kuuma, na zikipita siku hivyo mwili unapunguza kuyatengeneza. Wakenya wameliandika hili vizuri kwenye Sheria ya Afya ya mwaka 2017: mwajiri aweke chumba chenye mahali pa kunawa, friji, soketi ya umeme, meza ndogo na viti vya kukalika, na chumba hicho kisiwe chooni. Aliyeweka hilo la choo alijua wazi akina mama huwa wanaelekezwa wapi.

Baba nitampitia haraka, kwa kuwa sheria nayo imempitia haraka: siku zisizopungua 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Asubiri mama atoke hospitali baada ya upasuaji, huenda zimeshampita. Kenya baba ana wiki 2.

Tatizo kubwa zaidi ni nani analipa. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, ina fao la uzazi, lakini hilo ni la mwanachama. Mshahara wa likizo unabaki kwa mwajiri. Mwenye duka la wafanyakazi 5 anamlipa aliye likizo na anayemshikia nafasi, ndiyo maana kwenye usaili swali la "umeolewa?" halifi. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki 14 na unataka mwajiri mmoja asibebeshwe gharama peke yake. Rwanda walianzisha mfuko mwaka 2016: asilimia 0.3 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi, 0.3 kutoka kwa mwajiri, awe mwanamke au mwanamume. Mwaka 2023 wakapandisha likizo hadi wiki 14. Kwa mtazamo wangu, kabla ya kudai siku zaidi, tudai mfuko wa namna hiyo. Siku zikiongezwa juu ya mwajiri yule yule, anayeumia ni msichana atakayeomba kazi kesho.

Kuachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito si halali. Kumzuia mama kurudi baada ya likizo kunahesabiwa pia kuwa ni kumwachisha, na vilevile kutouhuisha mkataba wa muda maalumu pale alipokuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa. Malalamiko ya kuachishwa kazi yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 kwa fomu Na. 1. Migogoro mingine ni siku 60. Wengi wanazimaliza siku hizo wakisubiri "kikao cha menejimenti".

Na yule mama aliyerudi kazini 12 Septemba, mtoto amemwachia nani? Mara nyingi dada wa kazi. Naye ni mwajiriwa kwa sheria hii hii. Akishamaliza miezi 6 kwenu akapata mimba, ana siku zake 84 zenye malipo. Kumpa nauli ya basi arudi kwao ni kumwachisha kazi kwa ujauzito, na fomu Na. 1 ya CMA inamhusu kama inavyomhusu karani wa benki. Karibuni maswali.