Unaenda kumuuguza aliyefanyiwa operesheni? Nawa hivi

Haya jamani karibuni tena, leo nina ndoo ya koki, kipande cha sabuni na glavu, tunajifunza kunawa mikono. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, eti kunawa nani hajui. Ngoja.

Vaa glavu nyeupe, chukua masizi ya sufuria changanya na mafuta ya kula kidogo, funga macho afu jipake kama unavyonawaga siku zote. Usichungulie! Haya fungua. Sogeza kamera hapa, mnaona dole gumba langu? Jeupe pee. Ncha za vidole nazo hivyo hivyo, na huku katikati. Yaani mimi nesi wa wodi ya upasuaji, miaka kibao, na bado nikifumba macho dole gumba linanikimbia, na hizo ncha ndo ninazoshikia gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda.

Sasa vua glavu tunawe kweli. Pete na saa mfukoni, na kucha za kubandika ndo kabisa, chini yake wadudu wamepanga. Lowanisha mikono, paka sabuni ienee. Sugua kiganja kwa kiganja, afu kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili vidole vikipita katikati, badilisha. Viganja vitazamane tena, vidole vipishane. Kunja vidole kama ndoano, migongo yake isugue kiganja cha pili. Dole gumba hapa tusikimbie, lishike lote ndani ya ngumi ulizungushe, la kulia, la kushoto. Mwisho kusanya ncha za vidole uzisugue kwenye kiganja kwa kuzungusha, kama unakwangua ukoko.

Suuza, jikaushe na tishu, na tishu hiyo hiyo ndo ufungie koki, maana uliifungua na mikono michafu, ukiigusa tena umerudi ulikotoka. Zoezi zima sekunde 40 mpaka 60. Sanitaiza ni sekunde 20 mpaka 30, mwendo ule ule, afu iache ikauke yenyewe, usijifute kwenye kanga. Ila mikono ikiwa inaonekana chafu, au umetoka chooni, au mgonjwa anaharisha, hapo nenda kwenye sabuni na maji.

Unanawa lini? Kabla hujamgusa mgonjwa na ukishamgusa, na hata ukigusa kitanda tu au kikabati chake pale pembeni, nawa. Na usikae kitandani jamani, umetoka kwenye daladala na hilo gauni. Mshono usiuguse, usifunue bandeji eti uone unaendeleaje. Kama ana mpira wa mkojo, ule mfuko usiuinue juu kuliko kibofu wala usiulaze sakafuni. Na glavu si mbadala wa kunawa, kuna watu wanavaa pea moja wanazunguka nayo wodi nzima (hata sisi watumishi, nasema ukweli).

Kwa anayesubiri operesheni, aoge vizuri na sabuni kabla, ila msimnyoe na wembe nyumbani, wembe unaacha vijeraha ambavyo huvioni na wadudu wanaingilia humo. Kama nywele lazima zitoke tutazipunguza wenyewe na mashine.

Akirudi nyumbani, siku 30 za mwanzo macho kwenye mshono: ukiwa mwekundu, wa moto, unauma kuliko jana, unatoa usaha au harufu, au ana homa, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, usianze kununua antibayotiki dukani. Kama aliwekewa chuma mfupani endelea kuangalia hadi miezi mitatu.

Na nikija kufunga kidonda hujaniona nimegusa maji wala sanitaiza, niulize tu, "nesi umenawa?" Nitakunja sura kidogo, afu nitaenda kunawa.