Kabla ya Kuilaumu Chanjo, Mpasueni Kifaranga

Ndugu wafugaji, hata kipaza sauti sijakishika nimekwisha kuulizwa kwa nini kuku waliochanjwa mdondo wamekufa kwa mdondo. Jibu langu ni lile lile la miaka yote: mpasueni kifaranga, mtazame juu kidogo ya tundu lake la kutolea kinyesi. Hapo pana kifuko cha mviringo kiitwacho bursa, nacho ndicho kinachozikomaza seli za kutengeneza kingamwili.

Kisa cha Bruce Glick wengi wenu mmekwisha kukisikia kwangu, nanyi mtakisikia tena. Fabricius, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Padua, Italia, alikieleza kifuko hiki katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1621, akadhani ni ghala la mbegu za jogoo ndani ya tetea. Zaidi ya karne tatu baadaye Glick, mwanafunzi huko Ohio, Marekani, alikuwa akikiondoa kwa vifaranga ili ajue kazi yake, asiambulie kitu. Mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kuwaonyeshea wanafunzi jinsi kingamwili zinavyotokea. Akaazima kuku wa Glick, akawadunga bakteria wa salmonela, na wale wasio na kifuko ama walikufa ama hawakutoa kingamwili. Somo liliharibika! Andiko lao lilikataliwa na jarida kubwa, likachapishwa mwaka 1956 katika jarida la mambo ya kuku, na leo hata seli B, ndizo hizo za kutengeneza kingamwili, zilizomo mwilini mwenu zimepata herufi yake kutoka kwenye kifuko hicho.

Mtaniambia kuku wa kienyeji hachanjwi na anaishi. Anaishi huyo mnayemwona; waliokufa hawapo uani wahesabiwe. Tena kila kifaranga hurithi kingamwili za mama kupitia kiini cha yai, nazo hupungua wiki hadi wiki, hivyo ukichanja gumboro, ugonjwa wa virusi unaokishambulia kifuko hicho, mapema mno zinaizima chanjo, na ukichelewa unakuta ugonjwa umekutangulia. Gumboro hupenda wiki ya tatu hadi ya sita. Kifuko huvimba, huvikwa utando wa manjano unaoteleza kama mlenda, kisha husinyaa. Na chanjo ya mdondo unayompa kuku huyo baadaye haimkuti mwenye kuipokea.

Habari ya thaimasi, kiungo kingine cha kinga kilicho shingoni mwa kuku, na seli T zake nilikuwa nimeiandaa, lakini muda umeliwa na Glick. Chanjo ya Marek, ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku, ni siku ya kwanza, basi. Na mama aliyeuliza kama chanjo yaweza kuchanganywa na maji ya bomba: klorini huiua chanjo hai, kwa hiyo tumia maji yasiyo na dawa.