Mteja Anataka Bei Kwanza: Mhadhara kwa Wanaoanza Kuandika Kurasa za Tovuti

Ndugu washiriki, habari za asubuhi.

Leo tutaandika ukurasa mmoja wa tovuti, mmoja tu, tuutoe mbichi mpaka uive. Tuseme mwenye kazi anauza vifaranga wa siku moja, yuko Morogoro, na anataka ukurasa ambao mfugaji wa Dodoma ataufungua kwenye simu, ausome, aagize. Nimechagua vifaranga makusudi. Bei yake hupanda na kushuka, bidhaa ina majina mengi, na mteja ana hofu ya kweli kabisa: wakifa njiani, hasara ni ya nani? Ukiweza kuandika ukurasa wa vifaranga, wa saruji na wa masomo ya ziada hautakushinda.

Wengi wanaoanza hufungua kompyuta na kuandika sentensi ya kwanza papo hapo. Msifanye hivyo. Mwombeni mwenye biashara, kwa ruhusa yake, awaonyeshe meseji 30 za mwisho alizotumiwa na wateja kwenye WhatsApp. Andikeni kila swali kama lilivyoulizwa, hata kama limekosewa tahajia. Mtakuta mambo kama haya: "mna kroila", "sh ngapi kimoja", "mnatuma dom?", "wamechanjwa nn", "naweza chukua 20". Kroila ni Kuroiler, aina ya kuku. Hesabuni kila swali limejirudia mara ngapi. Linaloongoza ndilo linalokaa juu ya ukurasa, linalofuata lifuate. Hapo mpangilio mmeshaupata, na hamjatunga hata neno moja.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo kwetu lina mizizi mirefu. Sisi hatuingii kwenye jambo bila salamu. Ukienda dukani ukauliza bei kabla ya "habari za saa hizi" unaonekana huna adabu. Basi mwandishi mgeni huihamishia adabu hiyo kwenye tovuti: "Karibu sana katika tovuti yetu. Sisi ni wafugaji wabobezi tuliojikita katika kutoa huduma bora na za kisasa kwa lengo la kuhakikisha kwamba mteja wetu anapata..." Mfugaji wa Dodoma ameshatoka. Hakutoka kwa kiburi. Ana bando la kuhesabu, jua linampiga kwenye kioo cha simu, na kilichomleta ni bei.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliripoti kwamba kati ya watu aliowajaribu, asilimia 79 walipitisha macho tu juu ya ukurasa mpya, na asilimia 16 pekee ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006 taasisi yake ikafuatilia mwendo wa macho yenyewe ikaona umbo kama la herufi F: msomaji husoma mstari wa juu, husoma kipande cha mstari mwingine chini yake, kisha macho huteremka upande wa kushoto. Maana yake kwetu ni kwamba maneno mawili matatu ya mwanzo wa kila mstari ndiyo yenye bahati ya kusomwa. Na Kiswahili cha ofisini hupenda kuanza mstari na maneno matupu: "Katika kuhakikisha kwamba", "Ikumbukwe kuwa", "Kwa mantiki hiyo". Mnapoteza kiti cha mbele kwa kumkalisha asiyekuja na zawadi.

Aya ya kwanza ya ukurasa wetu iwe hivi, na namba nitakazotaja ni za mfano:

"Tunauza vifaranga wa Kuroiler wa siku 1, Morogoro mjini. Bei ni TSh 2,500 kwa kila kifaranga, kuanzia vifaranga 50. Wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa mareksi siku ya kutotolewa. Tunatuma Dodoma, Iringa na Dar es Salaam kwa basi kila Jumanne na Ijumaa."

Sentensi nne. Mteja ameshajua nini, wapi, bei gani, kiasi gani na lini. Yule wa "naweza chukua 20" naye amejibiwa bila kupiga simu. Na salamu je? Salamu yake ni kutomchelewesha.

Kuna wenye biashara watakaokwambia, "Usiweke bei, waambie wapige simu." Hoja yao si ya kipuuzi: bei ya vifaranga hubadilika. Lakini ukurasa usio na bei humfanya mteja adhani ni ghali, au humpeleka kwa jirani aliyeiandika. Dawa ni kuweka bei pamoja na tarehe: "Bei hii imehakikiwa tarehe 3 Machi." Kisha apatikane mtu wa kuibadilisha. Tarehe ya mwaka juzi ni mbaya kuliko kutokuwa na tarehe.

Tuendelee na sifa. "Vifaranga wenye afya bora." Nani anauza wenye afya mbovu? Sifa ambayo mshindani wako anaweza kuinakili ilivyo haina kazi. Badala yake andika jambo linaloweza kuhakikiwa: wamechanjwa mareksi siku ya kwanza, chanjo ya kideri utawapa wewe siku ya 7, na gumboro siku ya 14, kwenye maji ya kunywa yasiyo na klorini. Wiki ya kwanza joto la chumba cha kulelea liwe nyuzi 32 hadi 35. Kuhusu ile hofu ya safari, eleza sababu: kifaranga hutoka na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayomwezesha kukaa siku mbili bila chakula, ndiyo maana anaweza kusafirishwa akiwa wa siku moja. Halafu sema wazi, wakifa wakiwa kwenye basi, nani analipa. Sentensi hiyo moja huuza kuliko neno "bora" likirudiwa mara kumi.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe, nami nitakaa kidogo: maneno gani? Ugonjwa mmoja, huyu anauita kideri, yule mdondo. Ukiandika kideri peke yake, aliyetafuta mdondo kwenye Google anaweza asikuone. Andika yote mawili mara ya kwanza, "kideri, yaani mdondo", kisha endelea na moja. Chakula cha vifaranga vitabuni kina majina marefu, lakini dukani kinaitwa stata, basi andika stata. Kuroiler, wengine hulitamka kroila na huandika hivyohivyo. Litaje angalau mara moja ndani ya aya. Sarufi nayo ina mtego: kifaranga ni kiumbe hai, kwa hiyo tunasema vifaranga hawa, vifaranga wa kuku. Lakini wanaotafuta, wengi huandika "vifaranga vya kuku". Msiharibu sarufi ya ukurasa kwa ajili yao. Injini ya kutafutia inaona neno vifaranga na neno kuku; "wa" na "vya" hazitaamua mambo.

Kujua watu wanatafuta nini, andikeni "vifaranga" kwenye Google bila kubonyeza kutafuta, mtazame mapendekezo yanayojitokeza chini yake. Ukurasa ukishakuwa hewani, ungeni tovuti na Search Console ya Google. Ni bure, na itawaonyesha maneno ambayo watu walitafuta hadi ukurasa wenu ukajitokeza. Msirundike maneno hayo. Aya yenye "vifaranga Morogoro" mara saba inasomeka kama redio iliyokwama, na Google huhesabu urundikaji huo kuwa udanganyifu. Mtu akiuliza ukurasa uwe na maneno mangapi, jibu ni kwamba Google haijaweka idadi. Wetu huu ukifika 400 umeshiba.

Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kwenye matokeo ya utafutaji, kisizidi herufi 60 hivi pamoja na nafasi, la sivyo mkia unaweza kukatwa. Kiswahili kina maneno marefu: "mashine ya kutotolesha vifaranga" peke yake ni herufi 32. Kwa hiyo neno kuu litangulie na jina la kampuni lije mwisho, likikosa nafasi liachwe. Wetu uwe "Vifaranga wa Kuroiler wa siku 1, Morogoro: bei na chanjo". Hizo ni herufi 56. Maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa hicho yawe kama herufi 150. Google huweza kuyabadilisha ikitaka, ila yaandikeni. Vichwa vidogo vya ndani vianze na jambo lenyewe: "Bei na idadi", "Chanjo", "Usafiri". Msiandike "Mambo muhimu ya kuzingatia kuhusu usafiri". Kumbukeni ile F. Anwani ya ukurasa iwe fupi, herufi ndogo, vistari katikati ya maneno, na alama ya ng' iondolewe humo: maziwa-ya-ngombe inatosha. Ndani ya maandishi, ng' ibaki mahali pake.

Saa. Tafadhali sana, saa. Kioo cha simu kinaonyesha 8:00, mdomo wa mwenye simu unasema saa mbili. Mtu akitafsiri ukurasa wa Kiingereza bila kufikiri, huandika "tunafungua saa 8", na mteja anafika saa nane mchana akiwa amechelewa kwa saa sita. Andikeni "saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni", wala msikose neno la asubuhi au jioni. Pesa: kama Mkenya naye anasoma, "Sh 2,500" si bei moja Nairobi na Morogoro, kwa hiyo andikeni TSh. Namba ya simu ianze na +255, igawanywe kwa nafasi, na ibonyezeke. Kiungo cha WhatsApp kinachoanza na wa.me hufuatwa na 255 moja kwa moja, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri, bila nafasi. Sifuri ikibaki, kiungo hakimpati mtu.

Halafu kuna bango. Mwenye biashara atakuletea picha yenye rangi tano, bei na namba ya simu vimeandikwa juu yake, ileile aliyoisambaza kwenye magrupu, aseme "weka hii, kila kitu kimo." Kwenye tovuti bango hilo ni sawa na barua iliyofungiwa kabatini. Kwenye simu ndogo herufi zake hazisomeki, programu inayomsomea asiyeona mara nyingi haiyapati maneno yaliyochorwa, namba haibonyezeki, na bei ikibadilika inabidi kumrudia mchoraji. Yaandikeni maneno yote kama maandishi, kisha picha iwe ya vifaranga wenyewe.

Picha za simu mara nyingi zina MB 3 au 4. Zikiwa kumi, mmemtoza mteja MB 30 hadi 40 za bando. Punguzeni upana hadi pikseli 1,200 na uzito hadi KB 150 hivi. Squoosh, programu ya mtandaoni, hufanya kazi hiyo bure. Jina la faili liwe vifaranga-siku-1, na kila picha iwe na maelezo mbadala, yaani maneno anayosomewa asiyeiona picha: "Vifaranga 50 ndani ya boksi lenye matundu ya hewa".

Viungo: acheni "bofya hapa". Asiyeona huweza kusomewa orodha ya viungo peke yake, na akisikia "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa" hajaambiwa lolote. Andikeni "Ratiba ya chanjo". Na menyu iliyotafsiriwa na mashine utaijua kwa neno "Nyumbani". Nyumbani kwa nani? Andikeni "Mwanzo". Mwambieni pia fundi wa tovuti aweke lugha ya ukurasa kuwa sw, yaani Kiswahili. Ikiachwa en, programu ya kusoma kwa sauti huweza kuyatamka maneno yetu kama Kiingereza, na mtacheka kwa uchungu.

Mkimaliza, someni ukurasa kwa sauti. Pumzi ikikata katikati ya sentensi, ikateni hapo. Aya isizidi sentensi nne, maana aya inayoonekana fupi kwenye kompyuta hujaza kioo kizima cha simu. Kisha mpeni mtu asiyehusika simu ya bei nafuu, mtandao wa kawaida, na swali moja: "Ukitaka vifaranga 100 Dodoma, utalipa ngapi na watafika siku gani?" Msimsaidie. Akipita sekunde 20 bila jibu, tazameni kidole chake kilikwama wapi. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Sasa toeni daftari. Kila mmoja achague biashara anayoijua, aandike sentensi nne za mwanzo: nini na wapi, bei na kiasi, uhakika mmoja unaoweza kuhakikiwa, na namna ya kupata bidhaa. Neno "bora" haliruhusiwi. Mna dakika kumi, kisha mtabadilishana na jirani.