Seli za Kinga katika Ugonjwa Sugu wa Mapafu, na Mkono wa Utumbo

Waheshimiwa wasikilizaji,

Mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa anapoacha sigara, uvimbe ndani ya mapafu yake mara nyingi hauishi, na swali langu leo ni kwa nini seli za kinga huendelea kushambulia ilhali moshi umekwisha. Swali hili si dogo, kwani Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021.

Tuanze na nutrofili, aina ya seli nyeupe za damu zinazowahi kufika penye maambukizi. Seli hizi humwaga kimeng'enya kiitwacho elastesi, ambacho huyeyusha nyuzi zinazoupa mfuko wa hewa uwezo wa kutanuka na kunywea. Mwaka 1963, Laurell na Eriksson wa Sweden walieleza habari za watu waliopungukiwa na protini inayokizuia kimeng'enya hicho, ambao wengi wao mapafu yao yaliharibika wakiwa bado na umri mdogo; tangu hapo tumejua kwamba silaha yetu wenyewe inaweza kutudhuru. Makrofaji, yaani seli za kinga zinazosafisha mapafu, nazo huongezeka, lakini, na hili ndilo hunisikitisha zaidi, uwezo wao wa kumeza bakteria na mabaki ya seli zilizokufa hupungua. Limfosaiti T za kuua, yaani seli nyeupe za damu zinazoua seli nyingine za mwili, hujaa katika kuta za njia za hewa, huku limfosaiti T za kutuliza kinga zikizidiwa na zile zinazoita nutrofili zaidi.

Utumbo unaingia hapa. Bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo husaidia seli za kutuliza kukomaa. Bakteria hao wakivurugika, asidi hizo hupungua, ukuta wa utumbo hulegea, na sumu za bakteria hupenya hadi kwenye damu na kuzichochea seli zinazoelekea mapafuni.

Hata hivyo, moshi, upungufu wa oksijeni na antibayotiki anazopewa mgonjwa kila anapozidiwa navyo huvuruga utumbo, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha chanzo na matokeo. Isitoshe, sehemu kubwa ya ushahidi imetoka kwa panya. Ndiyo maana simshauri mgonjwa yeyote aache dawa yake ya kuvuta kwa mdomo akategemea vidonge vya bakteria wa kurekebisha utumbo.