Mwanangu, Idi Imeshapita
(Mhadhara kwa vijana wanaoanza kazi, Majengo, Mombasa)

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Nawashukuru wazee wa mtaa walioniita, nanyi vijana mliokuja na joto hili.

Nimeombwa nizungumzie maana ya kazi zaidi ya pesa. Nitaanza na pesa zenyewe, maana kuzipita kimyakimya ni kuwakosea watu heshima. Mtu anayedaiwa kodi ya miezi mitatu huwezi kumhubiria kuhusu kuridhika. Mimi nilikuwa mtoa mizigo bandarini, yaani wakala wa ofisini anayeshughulikia hati ili mizigo itoke. Treni ya SGR, ile ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza mwaka 2017, na makontena mengi yakawa yanapelekwa moja kwa moja hadi bandari ya nchi kavu kule Nairobi, niliona ofisi za wenzangu zikifungwa moja baada ya nyingine. Niliona madereva wa malori wakirudi nyumbani mchana na funguo mkononi. Najua nyumba inavyokuwa usiku wa siku hiyo.

Kwa hiyo mwajiri yeyote aliyeko hapa asije akatoka na maneno yangu akayafanya sababu ya kulipa watu kidogo. Mji huu una historia yake katika jambo hilo. Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma hapa Mombasa: makuli wa bandarini, watu wa reli, wa mahoteli, hata wapishi wa majumbani. Ndipo jina la Chege Kibachia, kiongozi wao, lilipovuma. Walidai mshahara, na walidai kazi sawa ilipwe sawa. Lakini katika malalamiko yao kulikuwa na jambo la tatu ambalo husahaulika: dharau. Walichoka kudharauliwa kazini. Watu wenye njaa, mji mzima umesimama, bado waliona heshima ina haki ya kutajwa pamoja na shilingi. Hilo mimi hulifikiria sana.

Sasa niwaulize, neno kibarua limetoka wapi? Ni barua ndogo. Zamani katika pwani hii mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, akakipeleka, akalipwa. Kijikaratasi kikaipa kazi jina, kisha kikampa jina mtu mwenyewe: yule ni kibarua. Mpaka leo mtu akifukuzwa twasema kibarua kimeota nyasi. Neno hili hunihuzunisha kidogo. Tumechukua risiti, tukaiita kazi.

Nami niliishi hivyo miaka mingi. Katika ofisi yetu kontena nililijua kwa nambari: herufi nne, tarakimu saba. Ndani kuna nini, kinakwenda kwa nani, hayakunihusu. Mwisho wa mwezi mshahara ulikuja, nami sikuwa mvivu, mnielewe. Nilikuwa mtu wa nambari tu.

Mwaka mmoja, Ramadhani imeingia kumi la mwisho, akina mama watano wa soko la Kongowea walikuwa wamechangiana kontena moja la mitumba. Nguo za watoto tupu. Faili lao lilikuwa na kosa dogo: uzito wa kwenye hati ya shehena haukulingana na ule wa orodha ya mizigo. Kosa la simu mbili. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Nilifunga faili nikasema, Jumatatu. Jumatatu nikashika jingine lililokuwa juu yake. Jumanne vilevile. Siku za bure zikaisha, gharama za kuhifadhi zikaanza kuhesabiwa, na kontena likatoka siku mbili baada ya Idi.

Nilizipeleka karatasi za mwisho Kongowea mwenyewe. Nilikuta robota moja limeshakatwa kamba. Mama mmoja, mtu mzima, amekaa juu ya kigoda, anatoa nguo moja moja, anaikung'uta, anaitazama. Kigauni cha samawati chenye utepe kiunoni. Kikoti cha mtoto wa miaka minne hivi, vifungo vyote vipo. Anavitazama, anavikunja upya, anavirudisha. Pesa alizonunulia alikuwa amekopa kwenye chama. Nilingoja anitukane. Aliniambia, "Mwanangu, Idi imeshapita." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Mshahara wangu wa mwezi ule uliingia kamili. Haukukatwa hata senti. Nilipoutazama ndipo nilipoelewa kwamba mshahara hauwezi kuniambia kama kazi yangu nimeifanya. Yule mama ndiye angeweza kuniambia, na miaka yote hiyo sikuwa nimepata kumwona.

Hili ndilo nililokuja kulisema. Tunaitafuta maana ya kazi ndani ya vifua vyetu, tunajiuliza kama tunaipenda, kama tumeitiwa. Mimi naona imekaa upande wa pili, kwa yule kazi inayemfikia. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika kuhusu wasafishaji wa hospitali. Kazi ni moja na ndoo ni zile zile. Baadhi yao walisema wanasafisha, basi. Wengine walijiona ni sehemu ya uponyaji: wanazungumza na wagonjwa, wanawasaidia jamaa waliokuja kutazama, wanaangalia ni saa ngapi wapite wasimsumbue aliyelala. Hakuna aliyewaagiza. Hawa wa pili ndio walioiona kazi yao ina uzito.

Mtaniambia zipo kazi ambazo humwoni mtu wake kamwe. Kweli. Shangazi yangu wa Kuze alishona kofia za vito, zile za vitundu vidogo vidogo, maisha yake yote. Kofia moja ilimchukua miezi, kwa sindano, tundu kwa tundu, na bei yake hata siku moja haikufanana na miezi ile. Aliyekuja kuivaa hakumjua. Lakini kila jioni aliinyanyua kazi yake dirishani, akaitazama nuru ikipita kwenye vitundu, na pale ambapo nuru ilipinda, alifumua. Nikiwa mtoto nilidhani anacheza. Sasa naamini alikuwa akimtazama mvaaji kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Baada ya Idi ile nilinunua daftari la kurasa 96. Kila kontena lililofika mezani nililiandika, na pembeni ya nambari nikaandika kwa kalamu ya risasi kilichomo, ni cha nani, na kinahitajika lini. "Vigae, msikiti, wanaezeka kabla ya masika." "Vitabu, shule zafunguliwa tarehe 5." Nisipojua, nilipiga simu nikauliza. Wenzangu waliona ni kujiongezea kazi, na kweli iliongezeka. Lakini nilianza kutoka nyumbani asubuhi nikiwa na haraka ya kufika, jambo ambalo mke wangu alilitambua kabla yangu. Nilimaliza madaftari kumi na moja.

Nilipostaafu, meza yangu alipewa binti wa miaka 24. Nilimwachia daftari la kumi na mbili, nusu tupu, wala sikumweleza mengi. Wiki ya pili akanipigia simu usiku. Nilidhani amepotelewa na hati. Akasema, "Baba, huyu mwenye chanjo za kuku umemwandika 'kabla ya Ijumaa', lakini hukuweka nambari yake. Nitampata wapi nimwambie mzigo wake umeshuka?"